Kiu ya Mzee Geng

Shiliping, 6 Aprili 1985

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima wewe, kaka Shaowen, mkewe na mjukuu wako. Sisi huku hatujambo, ila Mama anakohoa. Kukohoa kwenyewe ni kwa makusudi: anaanza nikiingia, anaacha nikitoka. Jana tulikwenda kufagia makaburi. Tulipalilia la babu, tukapalilia la marehemu baba, tukachoma karatasi na kuwawekea pombe. Mama akanisukuma nimwambie baba kwamba kaka yake Maolin sasa anakaa Xi'an, ghorofa ya tatu, na maji yanamfuata ndani. Nikamwambia. Hakujibu, lakini ninyi wanaume wa ukoo wa Xue hamjawahi kuwa wepesi wa kujibu. Tangu mwaka mpya sijaona barua yako hata moja.

Kituo cha tiba ulichoniachia kinakwenda. Watu wamekukumbuka mpaka wamepitiliza. Wanakunywa kwa siri dawa ulizowaachia, halafu wanakuja kwangu kupimwa joto ili nisivunjike moyo. Wanadhani sijui. Lakini machicha ya dawa wanaendelea kuyamwaga njiani ili wapita njia wayakanyage na maradhi yaondoke na nyayo, na mimi napita kila asubuhi nayasoma. Kwa Ding kuna tumbo bovu. Kwa mwalimu kuna mimba ya miezi miwili ambayo hata mama mkwe hajaambiwa.

Sasa jambo lenyewe. Wilaya wameleta waraka. Sisi tuliofunzwa miezi sita na kuitwa madaktari pekupeku hatuitwi hivyo tena. Tutafanya mtihani tarehe 14 Novemba. Atakayefaulu atapewa cheti na kuitwa daktari wa kijiji, na atakayeshindwa ashike jembe. Kituo kisicho na mwenye cheti kitafungwa. Kutoka hapa hadi hospitali ya wilaya ni saa nne kwa miguu, unajua mwenyewe, na mlima haumhurumii mwenye uchungu wa kuzaa. Nusu ya maswali ni ya dawa zetu za asili na mapigo ya mshipa. Nisaidie Baba Mkubwa. Niandikie maswali, nitajibu, unisahihishe. Hata ukinitukana sawa tu, nimezoea.

Mwanao,
Guizhi


Xi'an, 9 Mei 1985

Mwanangu Guizhi,

Marahaba. Barua nimeipata. Mwambie mama yako achemshe maganda ya chungwa makavu na aache maigizo.

Hatujambo. Shaowen yuko zamu kiwandani, simwoni. Mkewe ni mtu mzuri kupita kiasi: hakuna kitu ninachokiacha mahali nikakikuta hapo. Usishangae mwandiko huu. Huku brashi hawatumii, kuna kalamu za plastiki, na mtu akihamia mjini hubadilika mengi.

Mji huu hauna adabu. Wiki jana nilimwaga machicha mbele ya lango, palepale wanapopita watu wengi, mahali pazuri kuliko popote kijijini kwetu. Akatokea mama mmoja wa kamati ya mtaa na kitambaa chake chekundu mkononi, akaniuliza kama kwetu takataka tunamwaga sebuleni. Nikamwambia si takataka, ni maradhi. Akanipa ufagio! Mimi, ambaye makatibu watatu wa wilaya wamewahi kunyoosha mkono niwashike mshipa, nimefagia barabara huku watoto wakinihesabia.

Machicha hayakuwa yangu. Yalikuwa ya jirani, Mzee Geng, mlango wa kushoto. Mtu wa hovyo. Maisha yake yote alikuwa katika kiwanda cha uchapaji akisahihisha maandishi ya wenzake, na mpaka leo hawezi kunywa chai bila kukosoa kikombe. Basi huyu Geng ana kiu. Anamaliza birika tatu kwa siku, anaamka mara sita kwenda haja ndogo, anakula kama mbeba mizigo, na bado suruali inamdondoka. Wewe daktari wa miezi sita ungesemaje? Sikuulizi kwa kuwa sijui. Nakupima. Umeomba maswali, hilo ndilo la kwanza.

Maolin


Shiliping, 2 Juni 1985

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Mama amekunywa maganda ya chungwa na kikohozi kimehamia mgongoni. Ngano imeiva, tunavuna, viganja vimechubuka. Kwa mwalimu mambo yamejulikana. Mama mkwe amechinja kuku wawili.

Nimefurahi kumfahamu Mzee Geng. Jibu la swali lako: wazee wetu waliita kiu inayokula mwili, na kwenye kitabu changu cha miezi sita kinaitwa kisukari. Mizizi na majani yanasaidia, lakini kwa mtu aliyekwisha kukonda hivyo hayatoshi peke yake. Aende hospitali apimwe damu na mkojo. Ni asubuhi moja tu, na hapo Xi'an hospitali ziko kila kona, si kama sisi. Tena mwambie kisukari hakiishii kwenye kiu, hula na macho. Muulize kama anaona sawasawa.

Na mwambie Geng kwamba kuna mzee mmoja wa kwetu alikuwa akinifundisha, kila akinifundisha ananipiga rula kichwani, na neno lake kubwa lilikuwa "mganga hajigangi". Sijui kwa nini limenijia.

Nimemwandikia pia kaka Shaowen kumuuliza hali yako. Amejibu kwa mistari miwili: "Baba hajambo kabisa. Anakula sana."

Guizhi


Xi'an, 28 Juni 1985

Mwanangu,

Marahaba. Joto la huku linatoka chini na juu. Mjukuu amepata alama mia katika hesabu na sasa hataki kunisalimu.

Nimemfikishia Geng maneno yako. Macho yake hayana shida, anaona kila kitu, hasa yasiyomhusu. Kuhusu hospitali amekataa. Anasema kuna watu walikwenda na kiu wakarudi na majina marefu. Mimi sikumlaumu. Mtu aliyeheshimika miaka hamsini hawezi kukaa kwenye benchi na chupa ya mkojo mkononi, akisubiri aitwe na binti wa miaka ishirini aliyetafuna kitunguu saumu.

Jibu lako la kwanza nakupa nusu. Umekimbilia hospitali kama mtoto anayekimbilia kwa mama. Mtihani hautakuuliza njia ya kwenda hospitali. Utakuuliza dawa. Andika dawa ya Geng, kipimo kwa kipimo, na sababu ya kila moja.

Na huyo mzee wa rula simjui.

Maolin


Shiliping, 20 Julai 1985

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Huku mvua imekata barabara mara mbili, ndiyo maana nimechelewa. Nguruwe amezaa kumi na mmoja. Mama mgongo umepona, sasa ni goti.

Dawa ya Geng: mzizi wa huangqi kumpa nguvu, mzizi wa dihuang kupoza joto la ndani, kiazi kikuu kikavu kilichokatwa vipande kushika tumbo na figo. Vyote chungu kimoja, nusu saa, asubuhi na jioni. Asiguse sukari, pombe, wala mikate ya mvuke zaidi ya mmoja kwa mlo. Kuna kipimo cha zamani pia, hakihitaji binti wa kitunguu saumu: akikojoa mahali penye sisimizi, waangalie kama wanakuja. Wakija, akubali yaishe. Najua ghorofa ya tatu hakuna sisimizi. Ashuke ngazi, miguu anayo.

Na sasa mfikishie Geng ujumbe wangu neno kwa neno. Mwambie ni mpumbavu. Mwambie ni mzee mwenye kichwa kigumu, mwenye kiburi cha jogoo, ambaye ametibu... samahani, ambaye amesahihisha makosa ya watu maisha yake yote na kosa lake mwenyewe amelifanyia kiota. Mwambie ana watu wanaompenda, na akifa kwa aibu ya kushika chupa ya mkojo sitakwenda kufagia kaburi lake. Mwambie hivyo hivyo, usipunguze kitu.

Na wewe Baba Mkubwa, suruali zako zinakukaaje?

Guizhi


Xi'an, 12 Septemba 1985

Guizhi,

Marahaba. Nimechelewa kwa sababu mwandishi wa barua hii hakutaka kuandika. Namaanisha mimi. Sikutaka.

Geng nilimfikishia matusi yako yote. Hakufurahi. Amesema hajawahi kutukanwa hivyo na mtu asiyemjua, na kwamba neno "kiota" halikukaa mahali pake. Hakunisemesha siku tisa.

Dawa anakunywa. Mimi ndiye nachemsha, jikoni kwa Shaowen. Mkwe wangu kwa wema wake ameipanga mitungi yangu ya dawa upya. Kwa nusu karne ilikaa kwa mpango wangu, yeye ameipanga kwa urefu kama wanafunzi mstarini, anasema inapendeza wageni wakija. Nilimshukuru. Ungetaka nifanyeje? Nimekwishamwambia airudishe ilivyokuwa, na amesema amerudisha.

Suruali zangu zina mikanda. Swali la pili: ulimi mwekundu usio na utando, mapigo membamba ya haraka. Jibu upesi, Novemba haimsubiri mtu.

Maolin


Shiliping, 1 Oktoba 1985

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Leo ni sikukuu, kijiji kizima kinanuka nyama ya kuvuta moshi, na mimi nimekaa kituoni na kitabu. Swali la pili nitalijibu baadaye.

Basi tuache mchezo. Nimekuwa na hasira miezi mitatu, sasa zimekwisha, kimebaki kitu kibaya zaidi, naogopa. Silali vizuri. Nikipita njiani nasoma machicha ya kila mtu, kasoro ya mtu mmoja ambaye ningetoa chochote niyaone. Nenda hospitali. Siku moja tu. Sitamwambia mtu yeyote hapa, nitasema umekwenda kuwafundisha wao.

Nijibu kwa mkono wako.

Guizhi


Xi'an, 28 Oktoba 1985

Binti Xue Guizhi,

Hatujaonana. Jina langu ni Geng Bingzhang, umri miaka sabini na mbili, mlango wa kushoto. Sina kiu. Sijawahi kuwa na kiu. Nakunywa vikombe viwili vya chai kwa siku, nalala mpaka asubuhi bila kuinuka, na suruali yangu ya mwaka sabini na nane bado inanibana.

Barua zote ulizopata tangu Mei nimeziandika mimi, yeye akitamka. Baba yako mkubwa haoni. Jicho la kushoto lilianza kufifia kabla ya mwaka mpya, la kulia likafuata. Anaweza kutembea ndani kwa kuhesabu hatua, na nyumbani hawajatambua, kwa sababu kila wakimwita anageuka upesi na kuwatazama usoni kwa ukali, kama alivyozoea. Alinijia Mei akasema ana barua ya kujibu na kidole kimeteguka. Nikakubali. Hakuniambia kwamba nitaandika kwa mkono wangu mwenyewe kuwa mimi Geng naamka mara sita kwenda haja ndogo. Nilipogoma alisema nimalize sentensi kwanza. Nimekuwa msahihishaji miaka thelathini na moja, kosa la herufi nililigusa, uongo haukuwa idara yangu. Nikamaliza sentensi.

Matusi yako ya Julai nilimsomea mwenyewe, kwa sauti, jina langu likiwa ndani yake. Nilipofika "ana watu wanaompenda" aliniomba nirudie mahali hapo. Nikarudia mara tatu. Ndipo nilipojua kwamba si mimi uliyekuwa ukinitukana. Barua yako ya tarehe mosi pia nilimsomea. Hajanipa jibu la kuandika mpaka leo. Niliapa kutomwambia mwanawe, na nimeshika kiapo. Wewe hakukutaja kwenye kiapo.

Naandika kwa sababu moja. Tangu katikati ya mwezi ana mafua, pua imeziba. Zamani alinusa kila mtungi kwanza, sasa anachota dawa kwa kuhesabu tu, wa tatu kutoka kushoto, wa tano, na kadhalika. Juzi baada ya kunywa alisema midomo inamcheza na ulimi umekufa ganzi, na moyo unamwenda mbio. Nikamuuliza, akasema ni pilipili. Hatukuwa tumekula pilipili. Mimi si mganga, lakini najua kosa linavyokaa kwenye ukurasa hata kama lugha siijui. Nimeyachukua machicha ya chungu chake, nimeyakausha dirishani, yamo ndani ya bahasha hii.

Kuhusu neno "kiota", bado nasimamia nilichosema.

Geng Bingzhang


SIMU YA MAANDISHI
Kutoka Posta ya Wilaya, 8 Novemba 1985, saa nne asubuhi

XUE SHAOWEN. BABA ASINYWE DAWA HATA TONE. FUNGA MITUNGI YOTE. HAONI. MPELEKE HOSPITALI SASA HIVI. NAKUJA. GUIZHI


Shiliping, 24 Novemba 1985

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Nimefika salama jana. Basi liliharibika mlimani, tukalala kwa watu waliotupa uji wa mahindi na hawakutaka hata asante. Mama nimemkuta mzima kabisa, kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kumsikia akikohoa. Amefurahi sana kwamba unaendelea vizuri. Alilia kidogo, halafu akasema siku zote alijua kwamba ghorofa ya tatu ina nuksi.

Ulikuwa umelala nilipoondoka, sikutaka kukuamsha. Nakuomba ufuate ya daktari. Sindano ni kila siku, si siku unayojisikia. Mke wa Shaowen usimlaumu tena. Alikuwa anarudisha mitungi ilivyokuwa, kwa kumbukumbu yake, na kumbukumbu yake ilikosea mitungi miwili tu. Ni bahati mbaya kwamba mmoja ulikuwa wa fuzi, ule mzizi wenye sumu. Vipande vyeupe, na kiazi kikuu vipande vyeupe, hata mwenye macho angeweza kupotea akiwa na haraka. Machicha aliyotuma Mzee Geng niliyaloweka nikayabana kwa vidole. Kiazi kikuu kikichemshwa husagika. Haya yalikuwa magumu. Nikagusisha ncha ya ulimi, ukafa ganzi hapohapo. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba fuzi huchemshwa peke yake saa nzima na zaidi kabla haijachanganywa na kitu, la sivyo inaua. Ulikuwa unaichemsha nusu saa, asubuhi na jioni. Bahasha ilikaa njiani siku kumi na moja. Nimezihesabu mara nyingi.

Sikukuambia pale hospitali kwa kuwa wauguzi walikuwepo. Nilikasirika kukuta umekonda vile. Ningeweza kukupiga rula.

Mtihani ulikwenda vizuri, maswali yalikuwa mepesi, la ulimi mwekundu lilitoka. Waliusogeza mbele siku chache, ndiyo maana niliwahi kuufanya wilayani nikirudi. Majibu bado. Usijisumbue na hilo.

Msalimie Mzee Geng. Mwambie naomba radhi kwa yote ya Julai.

Guizhi


Xi'an, 19 Desemba 1985

Mwanangu Guizhi,

Marahaba. Anayeandika ni Geng, na safari hii anaandika kama Geng. Ameweka sharti kwamba akiona nasema uongo atanikatiza. (Nimeweka. G.B.)

Sukari imeshuka. Sindano ananichoma mke wa Shaowen, mkono wake ni mwepesi, sisikii kitu. (Anapiga kelele jengo zima linasikia.) Jicho la kushoto limekwenda moja kwa moja. La kulia, daktari anasema litabaki hivi lilivyo nikitulia: mwanga naujua, mtu najua kwamba ni mtu, lakini kama ni wewe au ni kabati itabidi useme neno.

Uliniuliza pale kitandani kwa nini sikusema, nikajifanya nimelala. Nakujibu sasa. Mara ya kwanza nilipojua ni Januari. Nilimwangalia mjukuu wangu ulimi, kama ninavyofanya kila siku, nikaona weupe mtupu mdomoni. Nikamwambia hana ugonjwa. Sikujua kama anao au hana. Niliogopa, Guizhi. Geng, andika hivyo hivyo, usipambe. Niliogopa. Nikasema kama naumwa basi nimekwisha, nani atanyoosha mkono kwa mganga kipofu? Afadhali aumwe Geng. (Hakunitaka ushauri.)

Na ule ulimi kufa ganzi, nilijua si pilipili. Nilijua ni fuzi. Siku ya kwanza nilijiambia ni mafua, siku ya pili nikajiambia ni uzee. Kukubali kwamba mkono wangu umeingia mtungi usio wake kulinishinda kuliko kunywa. Nimekupiga rula kichwani kwa makosa madogo kuliko hilo.

Sasa tuje kwako.

Umeandika kwamba mtihani ulisogezwa mbele na ukawahi. Macho sina, lakini masikio yapo. Pale hospitali kila alfajiri muuguzi alikuwa akiandika kadi yangu huku akijisemea tarehe kwa sauti. Alhamisi alisema tarehe kumi na nne. Nilikuwa macho. Ulikuwa umekaa pembeni ya kitanda tangu usiku, vidole vitatu kwenye mshipa wangu, na ulikaa hivyo mpaka wakaleta uji wa mchana. Vidole vyako navijua, kile cha kati unabonyeza mno, nimekwambia miaka kumi. Nikadhani labda wamesogeza. Uliporudi nyumbani nikamtuma Geng posta akapige simu wilayani. Hawakusogeza kitu. Mtihani mwingine ni Novemba ijayo.

Umejifunza uongo haraka. Mimi ilinichukua mpaka uzeeni.

Kwa hiyo kituo watakifunga mwaka mpya, sivyo? Na wewe umenyamaza ili mzee asipandishe sukari. Ding apeleke tumbo lake wapi? Mtoto mchanga wa mwalimu akishikwa na homa, avushwe mlima?

Sikiliza. Mwaka hamsini na sita nilipewa cheti cha uganga wa dawa za asili. Hakuna aliyekifuta. Waraka wa wilaya nimetumiwa nakala, Geng ameusoma mara mbili, mstari kwa mstari, na unasema kituo kiwe na mtu mwenye cheti. Haukusema aone. (Nimeusoma mara nne. Haukusema. Una makosa manne ya herufi.) Mapigo ya mshipa hayahitaji macho. Wewe utaangalia ndimi na kuchota dawa, mimi nitashika mikono ya watu. Fuzi utaifungia kwenye sanduku na ufunguo ukae kwako, na nikiuomba unitukane. Sindano utanichoma wewe. Jioni utakaa na kitabu na nitakuuliza maswali mwaka mzima mpaka unichukie.

Shaowen hataki. Mkewe amelia. Nimewaambia mambo yamekwisha, mzee akiamua ameamua. Geng naye anasema atanikosa. (Sikusema hivyo. Nilisema barua zitapungua.) Ukiandika, mwandikie na yeye, macho yake hayana shida.

Shaowen atanileta mpaka stendi ya wilaya tarehe kumi Januari. Zamu yake haimruhusu kupanda mlima. Kutoka pale ni saa nne kwa miguu, kuna barafu, na sitaki kubebwa mgongoni kama gunia la viazi watu wakiniona.

Njoo unishike mkono.

Baba yako mkubwa,
Maolin